Chang'aa ya Kutazamwa Tu

Jumatatu, 4 Septemba 1967. Migori.
Chifu ametoa chumba kimoja cha ukumbi kiwe makumbusho ya madhara ya bangi na chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Kinahitaji mtunzaji wa kudumu, mwenye ufunguo na koti la serikali. Tumebaki waombaji wawili: mimi na Mokaya, Msabato anayeuza nguo karibu na daraja. Bwana wa Maendeleo atakuja kutoka Homa Bay kukifungua, naye ndiye atakayechagua. Tangu mgodi wa Macalder ufungwe nimekaa bure. Mke wangu Filister anasema nikikosa kazi hii tunahamia kwa baba yake, nikamchungie mbuzi. Ukweni! Mwanamume mzima!

Jumanne, 5 Septemba
Nimepanga meza. Bangi kavu ndani ya chupa ya jemu. Kiko cha mfungwa. Chupa za chang'aa iliyokamatwa na askari wa Chifu. Kibao: TAZAMA, USIGUSE. Nikajipongeza. Ndipo Mokaya akaleta ini la ng'ombe alilolilowesha kwenye chang'aa ndani ya chupa kubwa ya peremende. Limekuwa gumu, la kijivu. Watoto wa shule walipiga mayowe na kuapa kwamba hawatakunywa maishani. Ini! Mbona mimi sikuwaza ini?

Jumatano, 6 Septemba
Nimemshauri Chifu ufunguzi uwe Jumamosi, siku ya watu wengi sokoni. Sikutaja Sabato. Akakubali. Mokaya alipoambiwa alisema sawa tu, atakuwa kanisani, na kwamba ataniombea. Ataniombea! Nimefurahi mpaka nimekula mara mbili.

Ijumaa, 8 Septemba
Mokaya amefagia chumba, akapangusa chupa zote, akaondoka kabla jua halijatua. Mpole kupita kiasi. Simwamini.

Jumamosi, 9 Septemba
Naandika kichwa kikiniuma, ingawa mimi sikunywa hata tone.

Asubuhi chumba kitupu. Wasiokunywa wote wa mji huu ni Wasabato, na wote walikuwa kanisani! Hilo sikulifikiria. Nikaenda sokoni kuita watu waje wajifunze madhara. Hakuna aliyegeuka. Nikasema kuna chang'aa halisi. Wakageuka wote.

Walijaa. Nilianza somo vizuri. Kisha Gisiri, mzee Mkuria anayeuza tumbaku, akasema hayo ni maji, kwamba serikali haiwezi kuweka chang'aa ya kweli mezani itazamwe tu. Watu wakacheka. Mimi niitwe mwongo mbele ya umma? Nikamruhusu anuse. Akasema ana mafua. Nikampa kijiko kimoja, awe shahidi. Akafumba macho, akasema bado hana hakika. Wenzake wakadai nao wawe mashahidi. Yaye!

Bwana wa Maendeleo alipofika, chupa zilikuwa tupu. Hata ile ya ini walikuwa wameikausha. Gisiri alimshika Bwana mkono, akamweleza madhara yote ya pombe, moja baada ya jingine, huku akilia. Kusema kweli alieleza vizuri kuliko mimi. Bwana aliniuliza mtunzaji ni nani. Nilitazama dari.

Wakati huo Wasabato wakapita wakiimba, Mokaya mbele. Bwana akatoka nje, akamuuliza kama anaitaka kazi. Mokaya akajibu kwamba leo ni Sabato, hazungumzi mambo ya kazi. Bwana alisema hatimaye amepata mtu anayeweza kukataa kitu. Akampa kazi palepale.

Nimeumia. Filister ameanza kufunga mizigo.

Jumapili, 10 Septemba
Mokaya amekuja nyumbani na koti lake jipya. Amesema Jumamosi hawezi kufungua chumba, kwa hiyo amemsihi Chifu siku hiyo nishike ufunguo mimi, kwa majaribio, naye amekubali. Filister amemshukuru hadi machozi, akafungua mizigo. Nami niliona aibu, kidogo.

Lakini Mokaya ameharibu kitu kimoja. Chupa zote amezijaza maji. Maji! Gisiri akirudi nitamwambia nini? Makumbusho hayataki uongo. Kesho naenda kwa Truphena, mama anayepika chang'aa kule mtoni, anipe iliyo halisi. Safari hii nitaonja mimi mwenyewe kwanza, chupa kwa chupa, ili watu wasibishane.