Daimla ya Kiembe Samaki

Jumamosi, 2 Julai 1955

Mambo yameiva! Klabu ya Wenye Magari ya Fahari ya Zamani imekubali kulipokea jina langu. Kwa masharti, lakini masharti ni kitu gani kwa mtu kama mimi? Jumamosi ijayo, siku ya maonyesho, Daimla yangu ifike uwanja wa Mnazi Mmoja bila ya kusukumwa, iwe na kila kiungo chake cha asili, na iwe na historia. Katibu wa klabu, Bwana Borafya, alilitamka neno hilo la mwisho huku akivitazama viatu vyangu.

Borafya ana gari aina ya Hamba, nyeusi. Historia yake tunaijua sote, maana haupiti mkutano bila ya kusimuliwa: ndiyo gari iliyompeleka dada yake, Bi Time, kwa mumewe siku ya harusi, imejaa asumini mpaka kwenye taa, na mtaa mzima wa Vuga umetoka kutazama. Naweza kuisimulia mwenyewe, kwa sauti yake, nikiwa nimelala.

Daimla yangu ni ya mwaka 1927. Imelazwa uani kwa mama mkwe wangu, Bi Mwatum, huku Kiembe Samaki. Kiti cha nyuma wanatagia kuku. Leo Bi Mwatum ametoa kauli yake ya mwisho. Gari likikubaliwa klabuni, litabaki na kuku watajengewa banda. Likikataliwa, atang'oa milango yote na gari ndilo litakuwa banda. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba anazungumza na mshindi. Akawarushia kuku mtama.

Jumapili, 3 Julai

Mkokotoni! Nimerudi na honi ya asili ya Daimla!

Nilijua siku nyingi iliko. Mzee Mmanga, anayevusha watu kwenda Tumbatu, huibonyeza ile honi ya mpira kuwaita abiria. Mpango wangu ulikuwa safi kabisa. Nikavaa koti jeupe na tarbushi, nikajitambulisha kuwa ni mkaguzi wa honi kutoka mjini, na kwamba honi zote za mpira zinakusanywa kwa ajili ya uchunguzi. Mzee alinisikiliza kwa adabu. Akasema hana neno, ila Bwana Mkaguzi kwanza aipime sauti yake.

Nikabonyeza. Mara mbili fupi, moja ndefu. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hiyo ndiyo mibonyezo ya Pandu dereva, na mimi ni mwanawe, hata nikivaa tarbushi tatu.

Nikakana. Nikasema baba yangu alikuwa na mashamba ya karafuu Pemba. Basi, akasema Mzee Mmanga, honi inabaki, kwa sababu Pandu alimpa kwa mkono wake mwenyewe, na atakayeichukua ni damu ya Pandu tu. Nikatazama kulia na kushoto kama yupo mtu wa klabu. Hakuna. Nikamwinamia sikioni nikakiri. Akasema hasikii vizuri sikio hilo. Nikamwendea la pili. Hilo nalo bovu. Mwishowe nilipiga ukelele kwamba mimi ni mwana wa Pandu dereva, na soko zima la samaki likaitikia marahaba.

Honi akanipa. Akanipa na maneno. Kwamba baba alikuwa akirudisha gari la tajiri wake kila siku kwa kuzunguka mashamba, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa akikutwa njiani hupakiwa mpaka hospitali, bila ya kuulizwa ni wa nani. Na tajiri alipohama kisiwani, alimwachia baba gari, si ndugu zake. Haya sikuwa nikiyajua yote. Nilimpenda sana baba yangu, na harufu ya lile gari mpaka leo ni yake, nikiondoa ya kuku.

Lakini historia ya namna hiyo haifai klabuni. Dereva! Wenzangu wote baba zao walikaa kiti cha nyuma.

Jumatano, 6 Julai

Ushindi! Ushindi mtupu!

Usiku wa leo kila mwanachama alisoma historia ya gari lake mbele ya mkutano. Borafya akatangulia na asumini zake. Watu wakapiga makofi ya usingizi. Ikafika zamu yangu.

Nikasimama. Nikasema kuna sehemu ya harusi ile maarufu ambayo haijawahi kusimuliwa. Kwamba bibi harusi alipofika Mnazi Mmoja aliruka kutoka kwenye Hamba, akalia kwamba huyo mume hamtaki, akatimua mbio na mapambo yake yote kuelekea baharini. Na ni gari gani iliyomfuata, ikamrudisha, ikaiokoa harusi? Daimla!

Makofi, safari hii ya macho yaliyofumbuka. Borafya alikuwa mweupe kama kanzu yake. Nilimwonea hata huruma, kidogo.

Nikiondoka nilimsimulia tena Kurwa, muuza kahawa wa pale kona, kwa sababu hakuisikia mwanzo wake vizuri.

Alhamisi, 7 Julai

Kazi tangu alfajiri. Nimepaka rangi ubavu wa kulia. Wa kushoto rangi imekataa kufanana, lakini jaji hawezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ngozi ya kiti cha nyuma haifai tena, nimetandika mkeka wa ukili uliosukwa Tumbatu na kuupaka rangi ya kiatu. Ukiangalia kwa mbali, ngozi. Kuku mmoja anaatamia pale na hataki kuhama. Nimejadiliana naye asubuhi nzima. Amenidonoa.

Injini imewaka! Nilicheza uani peke yangu.

Bi Mwatum haniitikii salamu. Nikimwambia shikamoo, anamwitikia kuku. Mke wangu, Sichana, ameniuliza nimesema nini kuhusu Bi Time. Nimemwambia ni mambo ya magari, hatayafahamu. Akasema mjini wanawake wananunua kanga za sare. Bila shaka kuna harusi ya mtu. Mimi na kanga wapi na wapi.

Jumamosi, 9 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Daimla ilifika Mnazi Mmoja kwa miguu yake. Mara mbili fupi, moja ndefu! Watoto wakatufuata. Jaji ni Bwana Pilkini, mzee wa Kizungu aliyeletwa kutoka Mombasa, mwenye Kiswahili cha kuagizia chai. Akapita kwenye Hamba, akaitikia kwa kichwa. Akaja kwangu. Akaanzia ubavu wa kushoto. Uso wake ukakunjamana. Akainama kutazama kiti cha nyuma, kuku akamtazama. Nikaona milango inang'olewa. Nikaliona gari la baba yangu limejaa kinyesi mpaka kwenye usukani. Nilitaka kulia, na sioni haya kuandika.

Hapo nikasikia ngoma.

Wanawake! Kundi zima, kanga za sare, vibwebwe viunoni, wanatokea upande wa Vuga. Mbele Bi Time. Na nyuma yake, anagonga upatu kwa nguvu zake zote, Bi Mwatum! Mama mkwe wangu mwenyewe!

Wamekuja kunisuta. Mimi! Mwanamume mzima, mbele ya klabu!

Wakalizunguka gari. Wakaninyooshea vidole. Wakaimba:

Babako Pandu dereva, kajaaliwa adabu,
Wewe mwanawe mzushi, usoni huna aibu!

Siri yangu yote mbele ya halaiki, tena kwa upatu. Bwana Pilkini akavua kofia, uso umemng'aa. Akamuuliza Borafya kwa Kizungu kinaimbwa nini. Hapo nikaliona jambo ambalo nitalikumbuka mpaka kaburini. Borafya alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Angemweleza nini? Kwamba mtaa mzima unasema dada yake alitoroka harusini? Alitamke yeye, kwa Kizungu, mbele ya klabu? Jasho likamtiririka. Akasema ni nyimbo za kienyeji.

Lakini Bwana Pilkini maneno mawili aliyashika mwenyewe: baba, na dereva. Akauliza kama ni kweli baba wa mwenye gari ndiye aliyekuwa dereva wake. Borafya akashindwa kukana, kwa kuwa ni kweli. Jaji akaandika, huku akirudiarudia "mzuri sana, mzuri sana".

Bi Time akanyamazisha ngoma. Akaniuliza mbele ya mashahidi nimeyasema au sikuyasema. Macho yake! Nikakiri. Nikasema kwa sauti nimezua, ni uongo mtupu, Bi Time alikwenda kwa mumewe kwa heshima zake na hakushuka njiani. Akanitaka niseme tena. Nikasema tena. Vigelegele vikapasua anga!

Na Bwana Pilkini naye akapiga makofi. Akatangaza kwamba katika miaka yake yote hajaona gari linalopendwa na watu wake kiasi hiki: baba kaliendesha, mwana kalifufua, na akina mama wamekuja kuliimbia. Kikombe cha fedha kwa Daimla! Borafya, kwa kuwa ni katibu, ndiye aliyenikabidhi. Mkono wake ulikuwa baridi kama samaki.

Nimekipeleka kikombe kwenye kaburi la baba. Nikamsimulia yote. Nikalia kweli.

Jumatatu, 11 Julai

Kikombe kipo juu ya kabati, na jina langu limeingia klabuni. Banda la kuku limeanza kujengwa uani, Bi Mwatum ni mtu wa ahadi yake. Jana alinipa hata kitumbua.

Mtu mwenye akili hukaa akajiuliza amefunzwa nini na mambo kama haya. Nimekaa. Nimejiuliza. Jibu liko wazi. Si rangi, si honi, si injini iliyonipa kikombe. Ni suto! Bwana Pilkini ameniambia anatarajia kuwaona akina mama tena mwakani. Basi mwakani inahitajika suto kubwa zaidi, na suto kubwa hutaka uzushi mkubwa. Borafya hatakuwa na la kufanya.

Nimeshaanza. Asubuhi hii nimemwambia Kurwa muuza kahawa, kwa siri, kwamba Bi Mwatum ujanani mwake alimtaka baba yangu amtoroshe kwa Daimla hii hii, na baba akakataa kwa sababu ya adabu zake. Nimemwapisha asimwambie mtu. Nimempa miezi kumi na miwili ya kuueneza polepole.

Alasiri. Sichana ameingia kuniuliza mbona mama yake amejifunga kibwebwe na anatoka uani, mkono mmoja ameshika upatu na wa pili bisibisi.

Amewahi mno! Maonyesho ni mwakani. Acha nitoke nikamweleze.