Upinde Ulionukia Chai

Tangazo lilibandikwa ukutani mwa duka la pembejeo mjini Tarime, na watu wengi walilisoma wakaenda zao. Salvatori alilisoma mara mbili. Lilisema kwamba Jumamosi, saa nane mchana, kutakuwa na mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde wa asili huko Mugumu, wilaya ya Serengeti, na mshindi atapewa mtamba wa ng'ombe.

Salvatori hakujua kupiga upinde. Alikuwa ametoka Kahama miaka minne nyuma kuja kuchimba dhahabu, akagundua upesi kwamba mwamba ni mgumu na watu ni laini. Tangu hapo aliacha kuchimba ardhi. Lakini alikuwa na shida moja ya kweli, na shida hiyo iliitwa Jenipha, fundi cherehani wa Turwa. Baba yake, Mzee Marwa, alitaka ng'ombe kumi. Tisa walikwisha kufika, kwa njia ambazo mwandishi mwenye adabu hazielezi. Wa kumi alitakiwa kufika kabla Jumamosi haijaisha, la sivyo wale tisa wangerudishwa na Jenipha angeanza kushonea watu wengine suti za harusi.

Alipokuwa bado anatazama tangazo, mzee mmoja mnene mwenye koti la sufu alimwuliza muuza duka kama anauza pinde.

"Mzee Waitara, hapa tunauza mbolea," alisema muuza duka.

"Wangu umeliwa na mchwa," alilalamika mzee. "Nina zizi zima la ng'ombe kule Matongo, halafu nikashindane kwa manati?"

Salvatori alisikia maneno mawili tu: zizi zima. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Upinde wa namna gani?"

"Marahaba. Kwani ziko namna?"

"Ziko namna tatu," alisema Salvatori, ambaye dakika moja kabla ya hapo hakujua hata moja. "Alhamisi nitakuletea uchague."

Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki yake nyekundu, kitu pekee alichokipata kwa haki duniani, akaenda Susuni kwa mjane aitwaye Robi. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa pinde, na mbili zilikuwa bado zimelala darini, zimefungwa kwa kitambaa, ugwe wa kuvutia umelegezwa ili mti usichoke.

"Siuzi," alisema Robi.

"Naazima tu, mama. Siku mbili. Wanafunzi wanataka kuziona."

Robi alimtazama, akaitazama pikipiki. "Wanafunzi wazione. Mimi nitakuwa naiona hii."

Basi pikipiki ikabaki rehani, na Salvatori akaondoka kwa miguu na pinde mbili begani. Upinde wa tatu aliutengeneza mwenyewe. Alikata mti mbichi wa mkaratusi nyuma ya nyumba aliyopanga, akauchonga ukawa upinde mrefu kuliko yeye, akauchemsha katika pipa la majani ya chai ili uwe mweusi, akaupaka samli, akaufukiza moshi. Kufikia jioni mti wa mwaka jana ulikuwa na umri wa miaka themanini.

Alhamisi, jua likiwa bado chini, alizitandaza pinde mbili juu ya ngozi uani kwa Mzee Waitara. Ule mrefu aliuacha umefungwa katika gunia, ukiegemea ukuta, ncha yake ikichungulia kidogo tu.

"Huu mfupi ni wa Kiikoma," alianza. "Wa vichakani. Unageuka nao upesi, haugongi matawi. Huu wa pili ni wa Kikurya, wa wastani. Unatupa mbali kidogo, ila unataka bega."

Waitara aliushika ule wa wastani. Akafunga ugwe, akavuta nusu, akauachia taratibu bila mshale. Akapima urefu wake kutoka ardhini hadi kwapani.

"Na ule wa kwenye gunia?"

"Huo siuzi, mzee."

"Sikuuliza bei. Nimeuliza ni nini."

"Ni wa babu yangu." Salvatori aliinamisha kichwa kama mtu aliyepita makaburini. "Upinde mrefu unavutika polepole. Hauchoshi mkono, hautetemeki ukilenga. Hizi mbili ni za kuchezea tu. Lakini huo siwezi. Damu ni damu."

"Ufungue."

Aliufungua kwa kusitasita kwa kupendeza sana. Waitara aliupokea, akaunusa.

"Unanukia chai."

"Babu alipenda chai."

"Na ugwe umekazwa. Umekaa hivi tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilitaka uuone ukiwa umevaa vizuri."

Waitara alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha ajabu kilichomtoa machozi. Alipotulia alisema, "Mura, kijana, nimeupenda. Nitakupa ng'ombe. Lakini uniongezee hizi mbili za kuchezea."

Salvatori alihesabu haraka. Kwake zile zilikuwa vijiti viwili vyenye kamba. Angekata vingine, avichemshe, ampelekee mjane, achukue pikipiki yake. Macho ya mama mzee yangejuaje?

"Damu ni damu," alisema, "lakini mzee ni mzee."

Ng'ombe aliletwa. Alikuwa mwekundu, mnene, pembe moja imejikunja kama mkono wa birika.

"Sasa kaa mpaka kesho," alisema Waitara. "Sisi hapa mnunuzi hulala, akaacha nguo yake zizini, ng'ombe aizoee harufu yake. Kisha huondoka na kamba yake mwenyewe."

Lakini Salvatori alikwisha kuona ufa mdogo umeanza kwenye mkaratusi. "Nina haraka, mzee. Kamba yako inatosha."

"Nimekwambia lakini."

"Umeniambia."

Safari ya kwenda Turwa ilichukua siku nzima. Ng'ombe alitembea kwa utii, ila kila njia panda alisimama, akageuka, akaangalia alikotoka kwa makini kama mpima ardhi. Salvatori aliona ni dalili ya akili, na hapo hakukosea.

Mzee Marwa alikuwa amekaa nje, Jenipha karibu naye akizungusha cherehani. Marwa alimwona ng'ombe, akanyanyuka, akaishika ile pembe ya birika. Uso wake ukabadilika.

"Umemtoa kwa Waitara?"

"Unamfahamu, baba?"

"Nilimnunua mwaka juzi. Alikaa hapa nusu siku. Nilipomfuata Matongo, Waitara akaniambia aliniuzia ng'ombe, hakuniuzia nia yake." Marwa alishusha sauti. "Alikwambia ulale, uache nguo?"

"Aliniambia."

"Ukakataa."

"Nilikuwa na haraka."

"Na mimi nilikuwa na haraka. Nilimlipa kwa redio isiyo na kitu ndani."

Cherehani ilisimama. Jenipha aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepima nguo mbili na kukuta zinalingana. Akacheka mpaka uzi ukakatika.

"Na wewe ulimlipa nini?" aliuliza Marwa.

"Pinde. Mbili zilitoka kwa mama Robi, Susuni."

"Dada yake Waitara," alisema Marwa, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma mkwewe mtarajiwa. "Ulipotoka kwake, simu ilikutangulia. Sikia. Ng'ombe huyu akionekana hapa Jumamosi jioni, binti yangu ni wako."

Salvatori alijifunga kamba ya ng'ombe kiunoni, akakesha kwa kusinzia kidogo, na Ijumaa ikapita salama. Jumamosi asubuhi ng'ombe alinyanyua pua, akaunusa upepo wa Matongo, akaondoka. Hakukimbia. Alitembea tu, na mwanaume mzima nyuma yake akiteleza visigino vikilima barabara.

"Salva," Jenipha alimwita kutoka mlangoni, akifuta machozi ya kicheko, "nakuongezea mwezi mmoja, baba hana la kusema. Ila huyo ng'ombe mwingine umpate kwa jasho lako."

Walikuwa wamepita mto wa kwanza aliposikia mlio anaoujua. Pikipiki nyekundu ilipunguza mwendo kando yake. Juu yake alikaa Robi, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara, mikono imeshika usukani kana kwamba alizaliwa nao.

"Shikamoo, mama," alisema Salvatori, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Marahaba. Namfuata kaka yangu, tunakwenda Mugumu. Atapigia ule upinde wa wastani wa marehemu." Alimtazama ng'ombe kwa upendo. "Ukifika Matongo, mfungie lango. Na kwa ule upinde mrefu, kaka anasema asante sana. Unaangua mapapai vizuri."