Hajime, Yame na Mimi Katikati

Jumatatu, 2 Juni

Mambo yamenoga! Mwalimu wetu wa aikido, mchezo wa Kijapani wa kuangushana, katangaza: Jumamosi kuna onyesho, na mgeni wa heshima ni mwalimu wake mwenyewe, mzee kutoka Japani. Kwa hiyo wiki hii hakuna kuelekezana kwa makofi na vidole kama tulivyozoea. Maneno yote ni ya Kijapani. Na mmoja wetu sisi wanafunzi wapya atashika kipaza sauti ayaite maneno hayo mbele ya wageni.

Mmoja wetu. Yaani mimi!

Lazima iwe mimi. Baba wa mchumba wangu ni mkaguzi wa magari mstaafu, mtu anayemtazama binadamu kama anayetafuta pancha. Aliniuliza nina lipi zaidi ya kuuza magodoro dukani kwa shemeji yangu, mume wa dada. Ulimi ukateleza. Nikasema nafundisha aikido. Wakati huo hata mkanda nilikuwa nafungiwa na wenzangu. Akaguna, akasema ipo siku atakuja kujionea. Leo mchumba kapiga simu: baba kaona tangazo la onyesho, anakuja, na asiponikuta nafundisha, habari za ndoa nisahau.

Lakini mtu mwenye kipaza sauti! Anaita neno, watu wanatii. Nani atajua si mwalimu? Tena haangushwi hata mara moja. Nilicheka peke yangu stoo mpaka dada akaja kunigusa paji la uso kama nina homa.

Mpinzani ni mmoja tu: Fundi Saa. Tulijiunga pamoja. Mpole, msafi, anamsalimia kila mtu mpaka anayefagia. Simpendi.

Jumanne, 3 Juni

Kijapani ni Kiswahili kilichopotea njia! Siku nzima nimepotea nacho.

Mwalimu akisema jambo, darasa zima linaitikia "Hai!" Nikadhani wanatoa taarifa. Nami nikasema niko hai, namshukuru Mungu, na dada naye hajambo. Kumbe hai ni "ndiyo". Fundi Saa aliinama, mabega yanamtikisika.

Kisha Mwalimu akapaza sauti, "Yame!" Wote wakaganda. Mimi nikasubiri amalizie. Yame nini? Yamekwisha? Yamemwagika? Hakumalizia, nami nikaendelea kumvuta mwenzangu mkono mpaka akaniomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Kumbe yame ni "acheni". Na hajime ni "anzeni".

Ikaja aibu kubwa. Mwalimu kaninyooshea kidole, kasema leo mimi ni uke. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mimi ni mwanamume na ukoo mzima utathibitisha. Ikabidi Muuguzi anieleze: kwa Kijapani, uke ni yule anayeshambulia kisha anaangushwa. Muuguzi ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya kubembeleza wagonjwa, mkanda mweusi. Alipomaliza kueleza akanionyesha. Sikumwona akisogea. Niliona dari.

Lakini habari njema nimeiweka mwisho. Tukiwa tunatoka, Mwalimu kanishika bega. Kasema nikitaka kipaza sauti nizingatie maai. Bila maai hakuna aikido, alisema. Kesho anataka kuyaona maai yangu.

Nimeelewa! Mtu mzima kama yule hawezi kuomba waziwazi. Na Fundi Saa hakusikia. Kipaza sauti changu!

Jumatano, 4 Juni

Nilinunua trei nzima. Makubwa, ya rangi ya kahawia, nimeyachagua moja moja kwa kuyamulika juani. Nikayaweka kando ya mkeka wa mazoezi, nikayafunika kwa taulo yangu ili iwe zawadi ya kushtukiza.

Zoezi la leo: ukemi, yaani kuanguka kwa kubingirika bila kuumia. Nilikuwa na furaha nyingi mno. Nikabingirika vizuri, nikabingirika tena, mkeka ukaisha, mimi sikuisha. Nikatua juu ya taulo kwa mgongo mzima.

Mlio ule sitausahau.

Mwalimu akauliza ni nini. Nikamwambia ni maai yake aliyoagiza. Akasema maai ni umbali unaofaa kati ya mtu na mtu. Umbali!

"Na umbali wako na mayai," akasema, "ulikuwa mdogo mno."

Darasa zima likaanguka bila kusukumwa na mtu. Muuguzi alikaa chini kabisa, anafuta machozi kwa ncha ya mkanda mweusi.

Kipaza sauti kapewa Fundi Saa. Naye ndiye aliyeleta ndoo na tambara, akapiga magoti kunisaidia kusafisha, akasema hata yeye alikuwa hajui maai ni nini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Alhamisi, 5 Juni

Sikwenda mazoezini. Nilijizoeza dukani. Nikajiangusha kwenye magodoro ya maonyesho, la juu likateleza likashuka na mama mmoja aliyekuwa amelilalia kulijaribu. Alilinunua! Shemeji hakuona upande huo wa jambo. Kasema nikianguka tena saa za kazi, nitaangukia nje.

Mchumba kapiga simu. Baba kapeleka koti kwa dobi. Koti! Mtu havai koti kuja kutazama utani.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Nimekaa dukani nimejiinamia, nani anaingia? Fundi Saa. Jasho linamtoka. Kasema maneno yanamchanganya, hasa mawili yale, na kwa kuwa mimi nina sikio la lugha, kaja kwangu kabla ya kwenda kujiaibisha kwa Mwalimu.

"Ndugu yangu, nisaidie. Hajime na yame, lipi ni lipi?"

Nilimtazama. Macho yake safi kama kioo cha saa mpya. Mtu mwingine angesita.

"Rahisi sana," nikamwambia. "Hajime ni acheni. Sikiliza lenyewe: haji. Mtu haji tena, basi, mambo yamekwisha. Na yame ni anzeni. Yame... yameanza!"

Alipiga makofi kwa furaha. Alirudia njia nzima akitoka: haji tena, yameanza, haji tena, yameanza. Mlangoni akageuka kusema hajawahi kupata rafiki kama mimi.

Kesho atasimama, atapaza sauti "Yame!", na watu wote wataganda kama nguzo za umeme. Mwalimu atamnyang'anya kipaza sauti. Na nani atakuwa amesimama hapo kando, kanzu ya mazoezi imepigwa pasi, maneno yote kichwani? Siwezi hata kula!

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mkaguzi kakaa mstari wa mbele na koti lake, miwani puani, mchumba pembeni yake. Mgeni akaingia, mzee mkavu, mdogo, anatembea kana kwamba sakafu imelala na hataki kuiamsha. Tukapiga magoti, tukainama, tukasema kwa pamoja "Onegaishimasu", yaani tunaomba utufundishe. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote ili Mkaguzi ajue ni nani kiongozi.

Pigo la kwanza: aliyekuwa aangushwe na Muuguzi kateguka mguu kwenye ngazi. Mwalimu akatazama huku, akatazama kule, macho yakatua kwangu. Kasema mimi ndiye uke. Mbele ya baba mkwe!

Pigo la pili: mgeni mwenyewe alianzisha onyesho kwa kupiga makofi mara moja tu. Fundi Saa hakuhitajika kufungua kinywa. Mpango wangu ukafia pale pale.

Nikamshika Muuguzi mkono. Sijui kilichofuata, ila nilikuwa chini. Nikasimama, nikamshika tena. Safari hii ikawa nikyo: kifundo cha mkono kinakunjwa mpaka magoti yanakubali yenyewe bila kukushauri. Nikapiga mkeka kwa kiganja, ishara kwamba nimeshindwa. Muuguzi akaniachia. Nikavuta pumzi.

Hapo Fundi Saa, kwa huruma yake, aliuona uso wangu. Akanyanyua kipaza sauti.

"Hajime!"

"Hai!" akaitika Muuguzi, mtu wa nidhamu, akaanza upya.

Nikapiga kelele. Fundi Saa akaogopa zaidi. "Hajime! Hajime!" Muuguzi akaanza upya, akaanza upya. Nikaona sina njia, nikapaza sauti mwenyewe, "Yame! Yame!" Muuguzi akalegeza. Lakini Fundi Saa alishika kichwa, akawageukia watu.

"Mabibi na mabwana, anaomba aendelee!"

Makofi! Vigelegele! Watu wakasimama juu ya viti. "Lakini jamani, mimi namwonea huruma," akasema Fundi Saa. "Hajime!"

Mpaka mgeni aliponyanyua mkono. Akasema maneno machache. Mwalimu akatafsiri: maisha yake yote hajakutana na uke mwenye kiu namna hii.

Mkaguzi alifunga vifungo vya koti lake, akaondoka. Mchumba akanifuata kwenye benchi la nyuma, akanishika mkono ulio mzima. Kasema aliona ninalia. Kasema tangu siku ya kwanza anajua mimi si mwalimu, kwani mwalimu gani haoti sugu hata moja magotini? Atanichukua hivyo hivyo, muuza magodoro. Ila kesho niende mwenyewe kwa baba yake nikaseme ukweli.

Nimeapa. Na ajabu, nilipoapa nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Kesho naanza maisha mapya!

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi Fundi Saa kaja na dawa ya kuchua. Machozi yanamtoka. Kasema bila shaka alichanganya maneno yangu njiani, kosa lote ni lake. Nikamsamehe. Nina moyo mkubwa, sikuwa naujua. Kanichua mkono, kaondoka ananiombea baraka.

Kisha nikaenda kwa Mkaguzi. Nikakaa ukingoni mwa kochi. Mchumba kasimama mlangoni, ananitia moyo kwa macho. Nikafungua kinywa. Mkaguzi akanyoosha mkono kama anayesimamisha lori.

Kasema yeye kwanza. Kasema alinishuku, na anaomba radhi. Jana kaona kwa macho yake: mwalimu anayekubali kutupwa chini mbele ya watu ili mwanafunzi wake mdogo wa kike ang'are. Kasema usiku mzima amekuwa akilifikiria. Tupange siku ya harusi.

Kinywa changu kilikuwa wazi tayari. Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, naapa, nilikuwa nauonja. Lakini akaendelea: je, nafundisha aikido tu? Kwa sababu yeye na wastaafu wenzake wamechoka kucheza karata, wanatamani kitu cha upanga.

"Upanga?" nikasema. "Mzee, upanga ndiyo fani yangu hasa. Hii aikido ni ya kupasha mwili."

Mchumba alitoka. Mlango ukagonga kwa kishindo mpaka picha ukutani zikacheza. Furaha hiyo!

Wazee wanaanza Jumanne. Kilichobaki ni kidogo tu: kupata panga za mbao, na mtu wa kuniambia upanga kwa Kijapani unaitwaje.