Kuinuka kwa Shangazi Sindano Katika Mkutano wa Kuokoa Muda

Usijifanye unafunga kamba za viatu. Nakusemesha wewe uliyekaa karibu na mlango siku ile, ukainama haraka bibi wa watu alipochungulia dirishani. Ulikuwa umevaa ndala! Inua uso, usikilize. Nanyi nyote, enyi majemadari wa viti vya plastiki, tegeni masikio, maana nalisimulia tendo ambalo majeshi yangelisita kulitenda: jinsi Shangazi Sindano alivyoinuka kitini kabla mkutano haujafungwa.

Ninyi mmesahau, mimi sisahau. Karakana yetu ya miguu ya bandia imeona enzi nyingi. Palikuwa na Enzi ya Kengele, iliyopigwa ili tuanze kazi mapema, nasi tukaiacha kazi tukajadili sauti yake. Ikaja Enzi ya Saa Kubwa, iliyotaka mtu wa kuipandia ngazi kila ilipochelewa. Hata siku moja Mkuu wa karakana akarejea kutoka semina, uso uking'aa kama aliyeona maono, mikononi amebeba kadi: nyekundu kwa kazi ya haraka, njano kwa ya kungoja, kijani kwa ya baadaye. Ndipo tukampa jina la Bwana Kipaumbele. Lakini nani angekubali kazi yake iitwe ya kungoja? Jua halijatua, kila kitu kilikuwa chekundu: miguu, mikongojo, hata birika la chai. Naye, shujaa asiyeshindwa, akaagiza nyekundu iliyokolea.

Asubuhi hiyo mguu mmoja ulilala mezani na kadi yake nyekundu iliyokolea. Ulikosa mkanda tu. Mwenyewe, mkunga mstaafu, alikaa nje kwenye benchi, na gari la nduguze lilinguruma langoni. Dada yake alikuwa anazikwa alasiri. Alikuwa ameapa kwamba atasimama kaburini kwa miguu yake, hatabebwa kama gunia.

Ndani, Bwana Kipaumbele akaufungua Mkutano Mkuu wa Kuokoa Muda. Na desturi yetu mnaijua: haneni mtu kabla ya kuwashukuru wote walionena kabla yake. Wa kwanza akamshukuru Mkuu. Wa pili akamshukuru Mkuu na wa kwanza. Shukrani zikaja wimbi juu ya wimbi, zikapiga kuta, mpaka mtunza stoo, simba wa funguo, akawa anashukuru huku amefumba macho asije akamruka mtu.

Mkunga akachungulia dirishani. "Wanangu, bado?"

"Tunakuja, Bibi!" tukajibu kwa sauti moja, kama jeshi. Hakusogea mtu. Nawe ukazifunga ndala zako.

Ndipo akainuka Shangazi Sindano, mshona ngozi, mwenye dole gumba gumu kama kwato. Kiti kikalia! Mlio ule ukaipasua shukrani ya mtunza stoo katikati.

"Shangazi, wapi tena?" akanguruma Bwana Kipaumbele. "Hata ajenda ya kwanza hatujaifikia!"

"Nakwenda kushona mkanda."

"Mkanda umo kwenye ajenda! Ee mama yetu, wataka kuivunja safu? Leo umeinuka wewe, kesho atainuka nani? Mwishowe watu watakuwa wanafanya kazi ovyoovyo, wakati wowote!"

"Mwanangu, yule anakwenda kuzika. Ninyi endeleeni."

"Lakini Shangazi," mtunza stoo akalalama, "sijamaliza kukushukuru."

"Bakisha. Utanipa kesho."

Akayapita magoti yetu kama apitaye kati ya mikuki iliyoinamishwa. Akakishika kitasa, kile kitasa kigumu kilichowashinda wanaume, akakizungusha, akatoka kwenda mezani. Akatwaa sindano na uzi, akaichoma ngozi, akavuta, akachoma, akavuta. Na mtunza stoo alikuwa bado anawashukuru walinzi wakati mkunga alipovaa mguu, akasimama, akakanyaga kwa nguvu.

"Umekaa," akasema. "Dada angenicheka sana kama ningebebwa." Kisha akatembea mwenyewe mpaka garini.

Andikeni, enyi waandishi wa historia! Chongeni kwenye jiwe kwamba katika karakana ile mkanda mmoja ulishonwa wakati wa kazi!

Kesho yake ukaitishwa mkutano wa kujadili kuinuka kwake. Ungali unaendelea. Nawe umo, unayasoma haya chini ya meza, na nje kwenye benchi amekaa mwingine, amekumbatia mkongojo uliovunjika. Amechungulia sasa hivi. Usiiname! Kiti chako kitalia, kiache kilie. Inuka uende, kabla huyo anayesema hajafika kwenye jina lako.