Fimbo ya Babu Katika Reli ya Ufukweni

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Halafu nzuri. Meneja ametangaza kwamba dirisha langu la tiketi linafungwa mwisho wa mwezi. Mashine inachukua nafasi yangu. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kidirisha kile! Lakini treni yetu ya watalii inatimiza miaka sitini, na stoo ya zamani itageuzwa chumba cha historia. Anatafutwa mtunzaji. Kiti, feni, kivuli. Sifa ni moja tu: awe na damu ya reli.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa treni nyekundu, akawahi kusema babu yake alibeba mataruma ya reli hii mgongoni. Nikasema wangu ndiye aliyeendesha treni ya kwanza kabisa, kutoka gatini hadi mnara wa taa. Sijui maneno yalitoka wapi. Ninachojua kuhusu babu ni kwamba alipenda kulala.

Nikampigia shangazi, mtoto wake pekee aliyebaki. Alisema mambo ya babu na treni niyaache yalivyo, kisha akakata simu. Kumbe yapo mambo! Nimefurahi sana.

Jumanne, 4 Machi
Maneno matupu hayavunji mfupa. Unahitajika ushahidi.

Reli yetu ni njia moja, treni ni mbili, nyekundu na kijani, na zinakwenda kwa zamu. Dereva asiye na fimbo ya ruhusa haondoki. Fimbo ni moja tu. Anayerudi huitundika ofisini, anayeondoka huichukua. Je, babu wa treni ya kwanza angekosa fimbo?

Nimechomoa mpini wa dekio la mke wangu. Nimeukata, nimeuchemsha na majani ya chai, nimeuunguza ncha kwa pasi. Una miaka sitini kamili. Mke wangu akauliza atadekia nini. Nikamwambia historia ni kubwa kuliko sakafu. Hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Meneja aliipokea "fimbo ya babu" kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. Akapigilia msumari wa pili ofisini, akaitundika pale mpaka uzinduzi wa Jumapili. Kazi ni yangu, alisema, ila siku hiyo nije na mtu mzima wa ukoo atoe ushuhuda. Shemeji aliinusa akasema inanuka sabuni. Mwenye wivu ajinyonge.

Nimembembeleza shangazi kwa simu tatu. Amekubali, ila kasema nisije nikamlaumu. Nimlaumu kwa lipi?

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Shemeji alikuwa bado mnarani na treni yake, na fimbo halisi anayo yeye. Dereva wa treni ya kijani, mtu wa kusinzia, akaingia ofisini baada ya chakula, akaiona fimbo yangu ukutani. Akaniuliza kama ndiyo yenyewe. Meneja alikuwa amesimama pale pale! Ningesemaje? Nikasema ndiyo yenyewe, tena ya asili. Nilidhani anaistaajabia. Akaichukua akaenda zake.

Walikutana uso kwa uso kwenye kona ya muuza aiskrimu. Treni zetu ni za mwendo wa kobe, nashukuru, hakuna aliyeumia. Lakini kila dereva alitoa fimbo yake dirishani akamwamuru mwenzake arudi nyuma. Dakika arobaini! Watalii walishuka wakapiga picha. Shemeji alirudi na fimbo zote mbili, akaitumbukiza yangu kwenye ndoo mbele ya meneja. Maji yakawa chai.

Meneja akasema ukweli tutausikia Jumapili. Tumaini langu sasa ni shangazi.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi alikuja na bahasha. Ndani yake, picha ya wiki ya kwanza ya reli. Treni mbili uso kwa uso, kona ile ile. Katikati yao babu, kashika fimbo.

Ndiyo, alisema shangazi mbele ya wageni wote, baba yake aliendesha treni ya kwanza. Aliiendesha siku tano. Ya sita alichoka kungoja zamu, akachonga fimbo ya pili kwa mpini wa jembe la bibi. Alifukuzwa kabla ya jua kuzama. Kisha akaniangalia mimi, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mke wangu pia. Niliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakaniwaka. Ila naomba iandikwe mahali: kuhusu treni ya kwanza, sikudanganya!

Jumatatu, 31 Machi
Mtunzaji ni shemeji. Feni inampepea yeye. Fimbo yangu iko kwenye kabati la kioo kando ya picha ya babu, naye huwasimulia wageni kisa chote huku akininyooshea kidole. Maana nami nimo. Mke wangu alikwenda kuniombea kwa meneja, nikapewa kazi ya kudeki chumba hicho. Nadeki kwa magoti. Dekio halina mpini.

Leo, nikiwa pale chini, nimeona nafasi tupu kabatini. Kikaratasi kinasema ni ya filimbi ya treni ya kwanza, iliyopotea. Meneja amesema atakayeileta hatamsahau maisha yake yote.

Birika la mke wangu linapiga filimbi vizuri sana.