Gambuti Saizi Nane

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kando ya mabwawa ya chumvi ya Marereni, kwamba tatizo la miguu limekwisha. Mamlaka ya Wastani ilikuwa imepima nyayo za wafanyakazi wote, ikapata wastani wa saizi nane. Kila mtu angevaa gambuti saizi nane.

Lynn, ofisa wa vipimo, alipiga makofi kama wengine. Nyayo hizo alizipima mwenyewe, na hakukumbuka kukutana na saizi nane hata moja.

Kesho yake Kache, mfanyakazi wa mabwawani, akaja ofisini kwa mkurugenzi, gambuti mkononi. Nyuma yake Kombe alichechemea, vidole vimemkunjamana.

"Shikamoo, mkurugenzi. Hizi zanivuka, na maji ya chumvi yanila miguu."

"Marahaba," akajibu Mkurugenzi Eugene kwa upole. "Wewe umepungua, Kombe amezidi. Jumlisha mabaki yote, yaani tofauti ya kila mguu na wastani, wapata sifuri. Sasa sifuri inalalamikia nini?"

"Mabaki hujumlika sifuri siku zote, mkurugenzi," Lynn akanong'ona. "Hata tungepima ndovu na panya."

"Umesikia, Kache? Hata ndovu halalamiki."

Lynn hakukoma. Akaeleza kwamba kihesabu wastani ni mshale, mabaki ni mshale mwingine, na hiyo miwili husimama kwa pembe mraba. Wastani hauna habari yoyote ya mabaki.

Eugene alipendezwa mno. Jioni hiyo akatobolesha dirisha la malalamiko kwenye ukuta wa ubavuni, pembe mraba kamili na mlango wake, ili neno la huku lisifike kule. Akamketisha Lynn hapo.

Makao makuu nayo yakapendezwa. Yakaamuru wakurugenzi nao wavae saizi nane, na wageni wangekuja kujionea.

Eugene huvaa kumi na mbili. Siku ya wageni, kabla hawajafika, alikuja dirishani ameshika ukuta, jasho likimtiririka. Kache akampisha kwenye foleni.

"Lynn, naumia. Andika, upeleke ofisini."

"Nitaandika, mkurugenzi. Kufika ndiko kusikowezekana. Ni pembe mraba."

"Lakini ofisini ni kwangu."

"Najua. Pole sana."

Eugene akatafakari. Akazivua, akazunguka kona peku, akaketi mezani kwake kusubiri lalamiko lake.

Wageni walipomuuliza kama kuna malalamiko yoyote, akatazama mlango.

"Bado hayajafika," akasema.