Ya Paka au ya Kaka

Jumatatu, tarehe 4

Leo mji mzima umesimama kunisikiliza. Mpaka mwenye duka la viatu kaacha wateja akaja mbele kabisa. Watu wametulia tuli, hakuna anayekohoa. Hivi ndivyo diwani anavyozaliwa!

Sawa. Jua lilikuwa linachoma, na kibaraza nilichosimama ndicho pekee chenye kivuli mtaa ule. Mwenye viatu alikuja kuniambia nimemzibia mlango. Lakini walisimama. Na masikio hayana kifuniko.

Ahadi yangu ni moja, maana zikiwa nyingi nasahau. Maji zahanati. Bomba lipo pale uani, limepakwa hata rangi, ila kazi yake ni kuanikiwa matambara. Mama anayekwenda kujifungua lazima abebe madumu yake ya maji, utadhani anakwenda kufua. Na mkamwana wangu siku zake zimekaribia. Mwanangu yuko kazini mbali, kwa hiyo mbebaji wa madumu ni mimi. Mgongo wangu ninaujua. Ndiyo maana nagombea.

Nikamweleza nesi kwamba nikipata udiwani bomba lile litatiririka. Akasema babu, umenishika mkono tangu umeanza hotuba, niachie nikanawe, na maji yenyewe sina. Mdomo wa nesi yule unahitaji diwani wake peke yake.

Mpinzani wangu ni Kinyozi. Tuko wawili tu. Yeye anaahidi taa za barabarani, na ana hila mbaya: anamkalisha mpiga kura kitini, anamwekea wembe shingoni, ndipo anamuuliza atampigia nani. Wote wanamwahidi kura. Hata mimi nilimwahidi wiki iliyopita, upande mmoja wa ndevu ukiwa bado.

Jumanne, tarehe 5

Mke wangu kanituma mashineni kusaga. Nikamweleza kwamba mgombea habebi gunia. Akaniuliza, mgombea anakula? Nikabeba.

Foleni ndefu. Nikaona nisipoteze muda, nikampigia simu Fundi Rangi, yule anayeandika mabango ya maduka pale stendi. Nataka ubao mkubwa, maneno mawili, herufi nyekundu: NITAWAPATIA MAJI. Kumwandikia kwenye karatasi sikutaka. Shule niliiacha darasa la nne kwa makubaliano kati yangu na mwalimu, na herufi zangu si za kutoka hadharani.

Mashine inanguruma kama ina kisirani. Fundi anapiga kelele, nami napiga kelele. Alipotaja bei nikaanza kumwita kaka. Kaka bwana. Kaka wa nguvu. Kwa umri ni mjukuu wangu, ila kwenye kampeni kila mtu ni kaka. Akauliza jambo, sijui paka, sijui kaka. Nikajibu ndiyo, kaka! Akauliza tena kama nina hakika. Hakika kabisa, kaka!

Bei ikashuka. Kwa neno moja tamu! Kinyozi mambo haya hayajui.

Nimerudi mweupe kwa unga, kichwa mpaka viatu. Mke wangu kasema leo angalau nafanana na mtu mwenye busara.

Alhamisi, tarehe 7

Mkosi. Naandika nikiwa na khanga ya mke wangu kiunoni, suruali iko kambani.

Ubao ulikuja asubuhi umefungwa gunia, rangi isiingie vumbi. Nikapanga kuufunua mbele ya watu, kwa heshima zote. Mahali nilichagua mwenyewe: mbele ya zahanati, kando ya barabara, penye kipande cha majani mabichi. Kila upande vumbi, hapo tu majani yamenawiri na udongo laini kama keki. Nikawaambia watu, mnaona, hata ardhi imeniunga mkono.

Shemeji akashika mtaimbo achimbe shimo la nguzo. Shemeji ni ndugu wa mke wangu. Nguvu kachukua yeye, akili kamwachia dada yake. Pigo la kwanza, udongo. La pili, udongo. Halafu ngwaa! Maji yakapanda mpaka juu ya paa la zahanati. Shemeji akakaa chini kama aliyepigwa na mtu. Watu wakapiga kelele nifunue ubao, nifunue ubao. Nikadhani wananisaidia kupunguza aibu. Nikavuta gunia.

NITAWAKATIA MAJI.

Mama muuza vitunguu akasema wengine hungoja wachaguliwe kwanza, mzee huyu ahadi yake katimiza leo leo. Walicheka hadi wengine wakajikuta wameketi kwenye matope. Ofisi ya Maji wakaja, wakafunga koki kuu. Kabla ya adhuhuri mji mzima mkavu.

Nikamwendea Fundi. Nilimwita majina yote isipokuwa kaka. Akasema mzee, nilikuuliza sikukuuliza? Simu ilikuwa inakwaruza, sikusikia vizuri, nikasema herufi ile ni ya paka au ya kaka? Ukasema ndiyo, kaka. Nikakuuliza una hakika? Ukasema hakika kabisa, kaka. Akasema na yeye alishangaa, lakini wanasiasa wa siku hizi nani anawaelewa.

Tumebishana mpaka tukakubaliana kosa ni nusu kwa nusu. Ana deni langu la herufi moja. Ataibadilisha bure siku nitakayomwambia.

Shemeji alisimamisha ubao hata hivyo. Alisema shimo lipo, kwa nini lipotee.

Ijumaa, tarehe 8

Hakuna maji. Watoto wananiita Mzee Koki. Mke wangu anaongea nami kupitia kwa shemeji, na shemeji haongei na mtu.

Kinyozi ana pipa zima kibandani kwake, alilijaza mapema. Ila halifungui! Anawanyoa watu kavu, na wakiguna anawaambia huduma hiyo ni kwa hisani ya mgombea mwenzake. Hata mimi nikiwa na pipa ningefanya hivyo, ndiyo inayoniuma.

Nikajaribu kuyageuza mambo. Nilipanda kibarazani na kipaza sauti changu, nikatangaza kwamba anayeweza kuyakata maji ndiye anayeweza kuyarudisha. Hoja nzito! Nikarushiwa ndala. Nimeiokota, ni ya kulia, na inanitosha. Kesho nitarudia hoja ile ile, huenda ikaja ya kushoto.

Mafundi wa Ofisi ya Maji wanachimba pale penye majani. Mkubwa wao alitazama ubao, akanitazama mimi, akatazama ubao tena.

Jumamosi, tarehe 9

Mkamwana kashikwa na uchungu asubuhi. Mke wangu akampeleka zahanati. Baadaye akarudi mbio, na mara hii hakupitia kwa shemeji. Akasema nesi anataka maji, madumu nyumbani yamekauka, kwa majirani yamekauka, na aliyeyakausha ninamjua. Akasema nenda kalete maji. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikazunguka. Mwenye viatu hana. Muuza vitunguu hana, na akanihakikishia kwamba hata angekuwa nayo nisingeyapata. Ukabaki mlango mmoja.

Kinyozi alinisikiliza huku anapangusa kioo chake. Akasema pipa nichukue lote, mzee wangu, ila nijitoe. Sasa hivi, kwa kipaza sauti changu mwenyewe, kibarazani pale pale. Nikamwambia hiyo ni roho mbaya. Akasema ni siasa. Nikamwomba basi aniazime nusu pipa nami nijitoe nusu. Akaendelea kupangusa.

Nikaifikiria kofia ya udiwani niliyokwisha kuinunua. Nikamfikiria na mkamwana. Siku ubao ulipofunuliwa nyumba nzima ilinicheka, yeye tu ndiye aliyeniletea nguo kavu, akasema baba usihangaike, maji tutapata tu. Amesema tutapata. Kwa herufi sahihi.

Nilipanda kibarazani nikajitoa. Kwa sauti kubwa, maana kipaza sauti changu hakina sauti ndogo. Sijawahi kushangiliwa vile maisha yangu yote.

Tukalisukuma pipa mimi na shemeji, jasho linatutiririka, mimi nikiwa na ndala moja. Kufika uani nikasikia mlio. Shhhh! Bomba la zahanati. Lile lile la matambara! Limetapika kutu kwanza, sasa linatoa maji meupe, na nesi ananawa mpaka viwikoni, anaimba.

Mkubwa wa mafundi akanieleza. Bomba la chini lilikuwa limeoza siku nyingi pale penye majani, maji yanaishia ardhini, hayafiki zahanati. Hakuna aliyejua. Isingekuwa mtaimbo wa shemeji wasingechimba pale. Wamekata kipande kibovu, wakaunga kipya, wakafungua koki. Nikamuuliza maji yameanza kutoka saa ngapi. Akasema sasa hivi tu, wakati ule kuna mzee anapiga kelele mjini na kipaza sauti, sijui anajitoa nini.

Nikakaa juu ya pipa.

Msichana. Mzima, na mama yake mzima. Anapiga kelele mfululizo na hamsikilizi mtu. Wote wanasema kafanana na mimi. Nilipewa nimpakate kidogo, na mkamwana akaniambia asante ya maji, baba. Nikainama nikajifanya naangalia vidole vya mtoto.

Jumatatu, tarehe 11

Kinyozi kapita bila kupingwa. Leo alikuwa zahanati anapigwa picha. Anafungua bomba, anafunga. Anafungua, anafunga. Akaniambia mzee, umeona huduma zilivyoanza kuboreka? Pipa lake nimemrudishia tupu. Maji yake mke wangu kafulia, na sasa anaongea nami moja kwa moja. Nilikuwa nimeanza kumzoea shemeji.

Nikakaa nikawaza. Kinyozi ana picha, lakini ubao wangu bado umesimama mbele ya zahanati. Maji yapo. Imebaki herufi moja tu! Ikibadilishwa, kila mpita njia atasoma NITAWAPATIA MAJI, atalitazama bomba, atajua aliyeahidi ni nani na aliyetimiza ni nani. Uchaguzi ujao nitashinda kabla sijafungua mdomo. Kofia ninayo tayari. Kichwa hiki, shule ingekiharibu!

Mke wangu kanituma mashineni. Sikubisha. Nikiwa kwenye foleni nikampigia Fundi. Mashine inanguruma. Nikamkumbusha deni langu, herufi moja, bure kama tulivyoelewana, na aende leo leo kabla Kinyozi hajaja na picha nyingine. Akauliza jambo, sikulisikia vizuri. Akauliza tena. Nikamjibu kwa upole, maana upole ndio ulioshusha bei mara ya kwanza.

Ndiyo, kaka. Hiyo hiyo, kaka. Niwekee hiyo moja tu, kaka yangu.